Namba ya Fardosa

Jumatatu, 16 Oktoba
Daftari hili ni la kazi. Mimi Qabale Jilo, fundi wa kompyuta katika shirika la misaada, ofisi ya Garsen, naandika hapa amri na skripti ninazozitumia kila siku ili nisizitafute kichwani mambo yakiharibika. Atakayerithi kiti hiki atanishukuru.

Seva ikizimika kwa sababu ya jenereta, usiiwashe kwa pupa. Ngoja betri zifike nusu. Kisha angalia nafasi ya diski (df -h). Mara tisa katika kumi diski imejaa, na aliyeijaza ni Mwalimu Zachary na picha zake za usajili.

Zachary ndiye karani wetu wa takwimu. Ni Mpokomo wa Ngao, mtu wa makamo, alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Mpole, polepole, na kila kitu hukiuliza mara mbili.

Jumanne, 24 Oktoba
Wingu tangu asubuhi, mvua bado. Nimeandika skripti ya kunakili takwimu zote kila saa sita mchana. Kanuni: kabla ya kufuta chochote, nakili.

Jumatatu, 30 Oktoba
Imenyesha siku tatu mfululizo. Maji ya mto yamebadilika rangi.

Ijumaa, 3 Novemba
Mto umevunja kingo. Watu wa mabondeni wamehamia penye mwinuko, na kambi kubwa iko Tutani, mbele ya Idsowe. Barabara imekatika, huko sasa unafika kwa boti tu. Bwana Dawood, mratibu wetu, ametuita wote akasema usajili uanze kesho, na kwamba Nairobi wanataka majina kabla ya kutoa hata gunia moja. Nimetengeneza fomu ya tabuleti kwa siku moja: jina, kitambulisho, idadi ya watu, namba ya simu. Karani asipojaza kila sehemu, fomu haihifadhiki. Nimeifanya hivyo kwa makusudi, maana makarani wavivu huacha nafasi tupu.

Jumatatu, 6 Novemba
Zachary amepiga simu kutoka Tutani, mvua ikisikika nyuma yake.

"Qabale, fomu inakataa. Hawa watu hawana simu. Safu nzima hii, nyumba tisa, simu ni moja."

"Weka namba ya jirani."

"Namba hiyo hiyo kwa nyumba zote tisa?"

"Mwalimu, fomu inataka tarakimu kumi. Ipe tarakimu kumi."

"Haitaleta shida mbele?"

"Shida ni ukiniletea fomu nusu."

Ili makarani wengine wasinipigie kuuliza jambo lile lile, naandika: namba ya simu ni lazima, asiye nayo apewe ya jirani. Nimewaambia makarani wote wanne kwa mdomo.

Alhamisi, 9 Novemba
Kaya 2,410 zimesajiliwa. Bwana Dawood ameingia chumbani kwangu bila kubisha, akaketi juu ya kasha la betri.

"Nairobi wanacheka," akasema. "Wanauliza kama mafuriko yanazaa watu. Wao walitarajia elfu moja na mia nane."

"Labda wengine wametoka Kulesa."

"Labda. Na labda wamejiandikisha mara mbili mbili. Wana njaa, Qabale, lakini akili wanazo. Nitafutie wezi."

Neno hilo sikulipinga. Nimeishi hapa, najua watu wanavyobadilisha shela wakarudi kwenye foleni. Nimekaa nikaandika skripti, mistari kumi na minne. Inasoma orodha na kuipanga kwa namba za simu. Namba ikionekana zaidi ya mara moja, kaya ya kwanza inabaki, nyingine zinawekwa kando na kuandikiwa: Imeondolewa, imerudiwa. Nimeiita safisha.

Ijumaa, 10 Novemba
Sekunde tatu! Kaya 611 zimetoka, zimebaki 1,799. Bwana Dawood amewaita wafanyakazi wote waje waone kioo changu. "Mashine haidanganywi," akasema, wakapiga makofi. Zachary alipiga pia.

Jumanne, 14 Novemba
Mgao wa kwanza Tutani: unga, maharagwe, mafuta. Boti mbili. Betri imeshuka mara moja.

Alhamisi, 16 Novemba
Wanawake watatu wamekuja kwa mtumbwi, wamelowa hadi kiunoni, wakasimama kwenye dirisha langu lenye nondo. Aliyesema alikuwa Sagal, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni. Kiswahili chake kina makosa, lakini kinatosha.

"Walaal, dada yetu, majina yetu hakuna. Wengine wameitwa, sisi hatuitwi. Watoto wamelala njaa siku mbili."

"Kitambulisho."

Nikakiingiza. Kioo kikaniambia: Imeondolewa, imerudiwa. Nikaingiza cha wa pili, kisha cha wa tatu. Namba ya simu moja.

"Hii namba ya nani?"

"Ya Fardosa. Jirani. Yeye peke yake ana simu."

"Basi Fardosa yuko kwenye orodha na amepewa chakula. Ninyi mmetolewa kwa sababu ya namba yake."

Sagal akawageukia wenzake akawaeleza kwa Kisomali. Sikushika yote, ila jina la Fardosa lilipita mara nyingi. Mwenzake mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Fardosa amechukua majina yetu?" Sagal akauliza.

Nilikuwa na foleni nyuma yao, na seva ilikuwa inapiga kelele ya joto. Nikasema: "Mfumo unaonyesha namba ya Fardosa. Kamwulizeni Fardosa."

Wakaondoka. Walioondolewa katika safu yao ni kaya nane. Leo malalamiko matatu, muda dakika sita. Watu hawa wamejifunza kulia vizuri.

Ijumaa, 17 Novemba
Zachary amekuja na chai yangu, jambo ambalo hufanya akitaka kuzungumza.

"Qabale, zile namba tulizirudia sisi wenyewe."

"Zipi?"

"Za Tutani. Ulisema niweke ya jirani. Sasa skripti inawaona kuwa wezi."

"Una uhakika hakuna aliyejiandikisha mara mbili?"

"Wengine, labda. Siwezi kuapa."

"Basi ukiweza kuapa, andika barua umpelekee Bwana Dawood. Mimi siendeshi seva kwa labda."

Alichukua kikombe kabla sijamaliza chai. Aliniudhi. Mtu aliyejifunza kompyuta ukubwani asinifundishe kazi yangu.

Jumatatu, 20 Novemba
Mvua. Diski asilimia 81.

Jumanne, 21 Novemba
Saa nne asubuhi simu ya ofisi imelia. Sauti ya mwanamke, Kiswahili safi.

"Naitwa Fardosa Abdiwahab, niko Tutani. Wewe ndiye dada wa kompyuta?"

"Ndiye."

"Unanijua?"

"Sikujui."

"Basi mbona umesema nimekula majina ya watu?"

Nikamwambia sikusema hivyo, nilisema mfumo unaonyesha namba yake. Akacheka, si kicheko cha furaha.

"Hapa ni kitu kimoja. Unga niliopata nimeugawa, kopo kopo, nyumba tisa. Haukutosha. Wanasema mwingine nimeuficha. Jana wamevunja banda langu, wakachukua turubai. Mama yangu na mtoto wamelala nje."

"Pole. Malalamiko hayapokelewi kwa simu. Njoo ofisini na kitambulisho chako, na vya kaya zote nane."

"Vitambulisho vyao? Nani atanipa mimi kitambulisho chake?"

"Ndio utaratibu."

"Boti haiji mpaka Jumatatu."

"Basi njoo Jumatatu."

"Hawataningoja mpaka Jumatatu. Dada, sikiliza. Wako hapa, wamenizunguka. Nawapa simu sasa hivi. Sema neno moja tu. Sema Fardosa hakuiba."

Nilisikia watu. Nilisikia simu ikipita mkononi, na mtu akihema kwenye kipaza sauti, akingoja.

Nikasema siwezi kusema kitu ambacho sijakithibitisha.

Laini ikakatika. Dakika nne na sekunde kumi. Nimejaribu kuirudia namba ile mara moja, haipatikani. Nikaendelea na kazi.

Jumatano, 22 Novemba
Jua kidogo. Nimeanika nyaya.

Alhamisi, 23 Novemba
Fardosa amekufa.

Aliondoka Tutani jana asubuhi kwa miguu, boti hakuna na mtumbwi amenyimwa, akajaribu kuvuka penye malka, kivuko cha ng'ombe, ambapo siku za kawaida maji hufika gotini. Wachungaji wamemkuta leo kanaswa kwenye miiba, upande wa huku. Alikuwa amebakiza kama nusu saa kufika Garsen.

Zachary alikuwa Tutani na boti ya dharura ya dawa, akapita malka wakati wa kurudi. Ameingia ofisini na matope hadi mapajani, akaweka mfuko wa nailoni juu ya kibao changu cha kuchapia. Fardosa alikuwa ameufunga tumboni, chini ya nguo. Ndani mna kitambulisho chake, na karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne, kavu kabisa. Mwandiko wa kalamu ya bluu, majina manane na idadi ya watoto wa kila nyumba. La kwanza ni la Sagal.

"Ulimwambia alete vya kaya nane," Zachary akasema. "Walimnyima. Akaandika kwa mkono."

"Nani alikuambia nilimwambia?"

"Mama yake. Alikuwa karibu na simu."

Akatoka. Kwa mazoea tu, vidole vyangu viliingiza namba ya kitambulisho. Fardosa Abdiwahab, mwanamke, watu watatu katika kaya, amepokea mgao. Hali: hai.

Ijumaa, 24 Novemba
Leo sikujibu simu wala sikula. Nimefanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya wiki mbili zilizopita, nayo imechukua asubuhi moja.

Kutafuta hitilafu kuna adabu yake. Huulizi mashine kwa nini imekosea. Unajiuliza wewe uliiambia nini. Mashine haina hila, itatii hata upumbavu.

Kwanza nimechukua nakala ya tarehe 10, kabla ya safisha. Nimeziweka kaya 611 peke yazo. Kisha nimeacha namba za simu nikalinganisha namba za vitambulisho, kwa sababu simu huazimwa lakini kitambulisho ni cha mtu mmoja. Kama kweli walijiandikisha mara mbili, kitambulisho kingejirudia.

Vimejirudia kumi na tisa.

Nikafikiri nimekosea amri. Nikarudia kwa njia nyingine, nikarudia kwa macho, ukurasa kwa ukurasa. Kumi na tisa. Waliobaki, kaya mia tano tisini na mbili, ni watu wa kweli waliokopeshwa namba. Kuna namba moja imeandikwa mara arobaini na sita, nimeipiga, ni ya mzee wa kijiji, naye akaniambia, "Ndiyo, binti, karani aliniomba, nikasema andikeni, namba si mali." Skripti yangu ilimwona yeye kuwa mwizi mwenye nyumba arobaini na sita.

Halafu nikarudi nyuma katika daftari hili kutafuta ni nani alisema namba zikopwe. Nimekuta mwandiko wangu, tarehe 6.

Kwa hiyo nilitoa amri kwamba namba zirudiwe, kisha nikaandika skripti ya kuwaadhibu waliorudia. Nilipoulizwa na Sagal, nikampa jina la jirani yake. Nilipoulizwa na Fardosa, nikampa utaratibu.

Kaya mia tano tisini na mbili zimekaa siku kumi bila mgao. Wangapi wengine wanagombana leo juu ya namba ya mtu, sijui. Hilo halimo kwenye kumbukumbu za mashine.

Jumamosi, 25 Novemba
Nimemweleza Bwana Dawood kila kitu. Alisikiliza vizuri, alifunga hata mlango.

"Ripoti ilishakwenda," akasema. "Imeandikwa wadanganyifu mia sita na kumi na moja. Wafadhili wamefurahi kuliko walivyofurahi kwa chakula chenyewe. Sasa niwaambie ni kumi na tisa?"

"Mtu amekufa, Bwana Dawood."

"Mtu amekufa maji. Huu msimu wamekufa wengi. Mafuriko yanaua, Qabale. Skripti haiui." Kisha akashusha sauti, akawa kama mjomba wangu. "Sikiliza. Hawa watu lazima warudishwe, na utawarudisha. Lakini kosa haliwezi kuwa la mfumo. Likiwa la mfumo, wanafunga ofisi, na wale wote Tutani hawapati hata punje. Likiwa la mtu, anaondoka mtu. Nani aliingiza namba moja mara tisa?"

"Zachary. Lakini mimi ndiye nili..."

"Nimeuliza nani aliingiza."

Nikanyamaza. Akanishukuru.

Jumatatu, 27 Novemba
Kikao na Nairobi, kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Bwana Dawood, mimi, Zachary. Zachary alivaa koti, sijui kwa nini liliniumiza hilo koti.

Bwana Dawood akasoma: karani alirudia namba kwa uzembe, mfumo ukadanganyika, kaya zikakosa chakula, jamii ikazozana, na mwanamke mmoja akapoteza maisha.

"Mwalimu Zachary," sauti ya Nairobi ikauliza, "namba uliziingiza wewe?"

"Niliziingiza. Niliambiwa niweke ya jirani. Niliuliza mara mbili."

"Uliambiwa na nani?"

"Na fundi wetu. Qabale."

"Qabale, upo? Ni kweli?"

Daftari hili lilikuwa mapajani mwangu, chini ya meza. Kiganja kilikuwa juu ya jalada. Sikuwa na haja ya kusema, ningelifungua tu. Nilimwona Zachary ananitazama, si kwa hasira, bali kwa subira ile ya mwalimu anayejua mtoto ana jibu.

Nikasema: "Sikumbuki kutoa maagizo ya namna hiyo."

Zachary akasema, "Haya." Neno hilo moja. Akaitoa tabuleti kwenye mkoba, akaifuta kioo kwa mkono wa koti, akaiweka mezani pamoja na chaja yake, akatoka.

Jumanne, 28 Novemba
Safisha imeandikwa upya, inalinganisha vitambulisho. Kaya 592 zimerudi. Sekunde tatu.

Jumamosi, 2 Desemba
Mvua imepungua. Nimepiga simu Ngao kumtafuta Zachary. Amepokea mkewe, Priscilla.

"Mwalimu yuko shambani. Shamba lenyewe liko chini ya maji, lakini anakwenda kulitazama. Afadhali huko kuliko kutazamwa na watu."

"Mama, naomba umwambie..."

"Nimwambie nini?"

Nilifungua daftari hili kwenye tarehe 6, nikalifunga.

"Basi nikuulize mimi," akasema. "Habari zimefika hapa kabla yake. Watoto wananiuliza kama kweli baba yao ameua mama wa watu kwa kompyuta. Niwajibu nini, dada wa kompyuta? Wewe umesoma."

Alingoja. Alingoja hasa, kama aliyetaka kweli kujua. Nikakata simu mimi.

Jumatatu, 4 Desemba
Nimeandika barua. Kurasa mbili: amri ya tarehe 6, skripti ya tarehe 9, jibu langu kwa Sagal, simu ya Fardosa, uongo wangu wa tarehe 27. Nimepiga picha kurasa za daftari hili na kuziambatanisha. Nimempelekea kila mmoja wa Nairobi ambaye anwani yake ninayo, na Bwana Dawood, na Zachary. Nilipobonyeza kutuma nilitarajia kujisikia mwepesi. Sikujisikia chochote, ila njaa.

Nairobi wamejibu mchana: Tumepokea, asante.

Jumatano, 6 Desemba
Paswodi yangu imekataliwa. Nikajaribu tena nikidhani nimekosea herufi. Mlangoni Bwana Dawood akaniambia nichukue vitu vyangu taratibu.

"Zachary atarudishwa?" nikamwuliza.

"Nafasi yake ishafutwa. Na yako pia sasa. Umefanya nini hasa, Qabale? Umempa nani chakula kwa barua ile?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Ungesema siku ile au ungenyamaza daima. Hii ya katikati haimfai mtu."

Jioni ujumbe wa Zachary: "Nimesoma. Umechelewa siku saba."

Nimemwandikia. Hajajibu. Sidhani atajibu.

Jumamosi, 9 Desemba
Leo nimekwenda Tutani. Mwenye boti hakujua kwamba nimefukuzwa, akanipakia juu ya magunia. Tulipita juu ya mashamba ya mpunga. Unaona ncha za uzio tu. Mahali pa malka alinionyesha kwa kidole bila kuulizwa. Maji yamepungua sana, ng'ombe walikuwa wanavuka.

Sagal alinitambua kabla sijashuka. Alipiga kelele ya furaha akaja akanishika mikono yote miwili.

"Huyu! Huyu ndiye aliyerudisha majina! Dada wa dirishani!"

Wanawake wakanizunguka. Nikakalishwa juu ya jerikeni iliyopinduliwa, nikapewa chai ya maziwa yenye iliki, na mmoja akanifuta matope miguuni kwa shela yake. Watoto wa Sagal walikuwa wamenenepa kidogo. Alinionyesha mmoja mmoja, akiwainua uso.

"Na yule mwizi," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya sukari, "Mungu amemchukua. Mungu hadhulumu mtu."

Wenzake wakaitikia.

Kando, mbali na safu, palikuwa na banda la matete lisilo na turubai. Bibi mmoja aliketi mlangoni, na msichana wa kama miaka saba ameegemea goti lake. Sikuhitaji kuambiwa. Mwenye boti alikuwa amenitajia majina njiani: Bilan, mama yake Fardosa, na mtoto, Ikran. Hakuna aliyekuwa amekaa nao.

Nikaweka kikombe chini.

"Fardosa hakuiba," nikasema.

Sagal akatabasamu kama hajasikia vizuri.

"Hakuiba. Namba yake iliandikwa kwenye nyumba zenu kwa amri yangu. Na mimi ndiye niliyetengeneza mashine ikawafuta. Yeye hakujua kitu. Ule unga aliowagawia ulikuwa wake. Alikuwa anakuja Garsen kuwatetea ninyi. Alikuwa na majina yenu kwenye karatasi, na jina lako, Sagal, alilitanguliza."

Aliyekuwa ananifuta miguu akaacha. Sagal aliwatafsiria, lakini alitafsiri maneno machache kuliko niliyosema, hata mimi niliweza kujua hilo. Kisha akanisogelea karibu sana.

"Dada," akasema chini chini, "umetusaidia. Umekunywa chai. Usiseme tena maneno haya hapa."

"Ni kweli, Sagal."

"Najua ni kweli!" Akanikamata mkono. "Unafikiri mimi mjinga? Tangu majina yaliporudi nimejua. Majina yaliyoibwa yanarudije na mwizi kafa? Lakini banda lake tulivunja sisi. Simu yake nilivunja mimi, kwa jiwe, mkono huu. Wewe utapanda boti urudi kwako. Sisi tutaamka hapa kesho. Mwache awe mwizi."

Akasimama akapangusa nguo. Akaita kwamba boti inapakua, twendeni tukapange foleni. Wakaondoka wote. Yule wa mwisho akachukua kikombe changu, akamwaga chai iliyobaki mchangani.

Nilikwenda hadi kwenye banda la matete. Nilisimama, sikuthubutu kuketi.

"Mama Bilan, mimi ndiye..."

"Najua sauti yako," bibi akasema. "Nilikuwa karibu na simu."

Hakuniambia karibu. Hakuniambia toka. Alikuwa anasuka nywele za mtoto, na mikono yake haikusimama.

"Yale uliyowaambia kule," akasema, "yaseme hapa. Kwa sauti. Wayasikie wote."

Nikageukia safu. Wanawake walikuwa wamenipa migongo, wanasogea hatua kwa hatua kuelekea kwenye magunia. Nikasema kwa sauti kwamba Fardosa Abdiwahab hakuiba. Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena. Sagal akaanza kuongea na mwenzake kwa nguvu ili asinisikie.

"Hawasikii, mama," nikasema.

"Huyu anasikia." Bilan alikivuta kichwa cha mtoto taratibu, kikanielekea. Macho ya Ikran yalikuwa makavu, yamenikazia. "Ulimnyima mama yake neno moja. Mpe yote. Endelea."

Nikaendelea.